Siku Tuliyoomba Umeme Ukatike

Tunduma, jioni

Mwanangu Tabitha,

Habari za safari sikuulizi, kwa kuwa bado hujasafiri. Sasa hivi uko Nakonde na mama yako, mmevuka mpaka kwenda kumuaga shangazi, na kwa ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla hajawalisha mara mbili. Nimeona nitumie nafasi hiyo kukuandikia. Kesho stendi kutakuwa na kelele, mama yako atalia, mimi nitajifanya naangalia mizigo, na haya yote nitashindwa kuyasema.

Usitegemee kukuta humu habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kuwa mwangalifu na watu wenye maneno matamu. Mama yako ameyamaliza tangu juzi, na najua kesho asubuhi ataanza upya. Mimi nataka tuzungumze habari ya ile maiki. Cheka tu. Lakini binti yangu anaondoka Tunduma kwenda Dodoma kuwasomea vitabu watoto wasioona, kazi aliyoipata kwa sauti yake mwenyewe, na nusura nimkoseshe mimi baba yake, mwenye kibao mlangoni kilichoandikwa FUNDI SAUTI. Acha niiandike vizuri tangu mwanzo, kabla mama yako hajazoea kuisimulia kwa namna yake. Ameshaanza. Juzi nilimsikia kanisani.

Kazi yangu unaijua, umekulia ndani yake. Nilipoacha shamba la kahawa la babu yako kule Iyula nikaja hapa mpakani, sikuwa na ujuzi wowote zaidi ya mdomo. Nikaanza kuwarekodia wafanyabiashara matangazo ya kuweka kwenye spika zao za mkononi, yale yanayojirudia kutwa nzima. Sumu ya panya, dawa ya mende, viatu, simu za batani. Mteja akiingia ananiambia neno moja tu: "Fundi, nataka itoke kali." Na kali naijua. Maiki unaigusisha mdomoni, sauti unaifungulia yote, halafu unapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Ikianza kupasuka, hapo ndipo mteja anatabasamu. Katikati ya malori, bodaboda na mashine za kusaga, nani ana haja na sauti laini?

Nawe nikakulea hivyo hivyo. Ulikuwa bado uko shule ya msingi nilipoanza kukutumia kwa sauti ya kike. "Bei ya kutupa! Bei ya kutupa! Iseni, mushite!" Wazambia walikuwa wanasimama wanacheka, kusikia mtoto wa upande huu anawaita wanunue kwa Kibemba chao. Nilivimba kichwa, sikufichi. Mpaka leo nikipita sokoni nakusikia, na yale meno yako ya mbele yakiwa hayajaota, unauza dawa ya kunguni. Mwenye mali amekataa kabisa kuibadilisha.

Sasa ikaja ile habari ya Dodoma. Ulikuwa umemaliza chuo, umekaa nyumbani, umetuma maombi mpaka ukaacha kutuambia unayatuma wapi. Nilikuwa nakuona unavyoshika simu kila ikilia na unavyoiweka chini. Kisha hao wa studio ya Dodoma, wanaorekodi vitabu vya watoto wasioona, wakakujibu. Wakakutumia ukurasa mmoja wa kitabu cha sayansi, unaoeleza mbegu inavyoota, wakataka uusome, ujirekodi kwenye kompyuta, uwatumie. Sharti lao moja: sauti safi. Ulipokuja kunionyesha ule ujumbe, unakumbuka nilichosema? "Sauti safi? Mwanangu, umefika." Nikavuka siku ile ile kwenda kwa rafiki yangu anayeleta vifaa kutoka Lusaka, nikarudi na maiki ya USB, mpya ndani ya boksi lake, na kisimamo chake cha chuma. Nikachomeka waya kwenye kompyuta. Taa ya bluu ikawaka. Nikawatangazia wewe na mama yako kwamba imekubali, nikakaa kama mtu aliyejenga kituo cha redio.

Ile taa, Tabitha, ilikuwa inaniambia kitu kimoja tu, kwamba maiki imepata umeme. Mengine yote niliyaongeza mwenyewe.

Nikafanya nilivyozoea. Nikaenda kwenye mipangilio ya kompyuta nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikakusogeza mpaka pua ikagusa chuma. Nikakwambia, "Toa kali." Na wewe, mtoto mtiifu, ukatoa. Uliisoma ile habari ya mbegu kuota kana kwamba mbegu zenyewe zinauzwa na zimebaki chache. Mimi nilipiga makofi. Tukatuma.

Jibu la yule mama wa studio nimelikariri. Aliandika kwamba msomaji ana sauti nzuri ila rekodi imepasuka, na muda wote wanasikia kama mtu anagombana na jirani. Akasema tunaweza kujaribu mara moja tena, mwisho Ijumaa jioni. Ulilisoma kwa sauti ya chini, ukanitazama, ukainamisha macho. Nilikuona unavyonihurumia. Mwanangu, nimewahi kukataliwa na wateja, nimewahi kutukanwa na dereva wa lori kwa Kibemba na Kiswahili kwa pamoja, lakini huruma yako ile iliniuma kuliko vyote. Nafasi ilikuwa yako, na aliyeiharibu ni mimi.

Nikajikaza kiume. Tukahamia stoo ya mama yako, katikati ya mabelo ya mitumba, kwa sababu chumba changu kina kuta tupu na bati juu, sauti inaruka huku na huku. Mama yako akatutundikia mablanketi mazito pande zote. Nikashusha ile sauti niliyoipandisha. Kwenye maiki yenyewe kuna kitufe cha kuzungusha, nikakizungusha nyuma. Ukasoma kidogo, tukasikiliza kwa hedifoni.

"Unaona?" nikasema. "Hapo sasa."

Ukasema, "Ndiyo, baba."

Nikazungusha tena, ukasoma tena. Nikasema imetulia zaidi. Ukasema, "Ndiyo, baba." Tulicheza mchezo huo Jumanne nzima na Jumatano asubuhi. Kila nikigusa kitu nasikia mabadiliko, na kila mara nafurahi. Nikasogeza maiki kushoto, nikasikia mabadiliko. Nikaigeuza, nikasikia mabadiliko. Leo nikikaa nashangaa masikio yangu yalikuwa yanasikia nini. Yalikuwa yananisikia mimi tu, nadhani, nikijisifu.

Halafu Jumatano ile, nikiwa nimeshika kitufe mkononi, ukavua hedifoni. Ukaziweka juu ya belo.

"Baba, samahani," ukasema. "Haijabadilika."

"Nini haijabadilika?"

"Sauti. Tangu jana. Ukizungusha hicho kitufe hakuna kinachobadilika. Bado nipo mbali, kama naongea kutoka kwenye ndoo, na kuna feni inavuma."

Nilikujibu vibaya. Nilisema nimeanza kazi ya sauti kabla hujazaliwa. Na wewe hukurudi nyuma. Ukanyoosha kidole ukagonga maiki taratibu, tik tik tik. Tukatazama kioo cha kompyuta, pale kwenye ile mistari inayopanda sauti ikiingia. Imelala. Ukaigonga kwa nguvu. Imelala tu. Ukagonga kompyuta yenyewe, pembeni ya vitufe, kwa ukucha mmoja. Mistari ikaruka mpaka kwenye nyekundu.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na chai. "Baba Tabitha," akasema, "ina maana hilo lichuma lako halijawahi kusikia kitu?"

Halikuwa limesikia kitu. Kompyuta ilikuwa inatusikiliza kwa kile kijimaiki chake cha ndani, kilicho jirani na feni yake, tangu siku ya kwanza. Maiki yangu ya Lusaka ilikuwa kama mgeni tuliyemketisha sebuleni, tukamwashia taa, halafu tukaenda kuzungumza jikoni. Haikuchaguliwa. Hakuna aliyeiambia kompyuta itumie hii, iache ile.

Nilitoka nje. Najua uliogopa kwamba nimekasirika, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilisimama pale barabarani nikitazama foleni ya malori haisogei, nikajiuliza ni wateja wangapi wameniambia "ndiyo, fundi" kwa miaka yote hii huku wakijua nakosea. Lakini kuhusu wewe nilijua kitu kimoja, na nilikirudia moyoni mpaka kikakaa: huyu mtoto ameniheshimu siku mbili kwa kunyamaza, na leo ameniheshimu zaidi kwa kusema. Nikarudi ndani. Nikavuta sanduku la mbao nikakaa kama mteja.

"Haya, fundi," nikakwambia. "Nipe kazi."

Ulicheka mpaka machozi. Mimi pia, baadaye.

Ukaingia kwenye mipangilio, mahali pa sauti inayoingia, ukafungua orodha, na pale jina la maiki yetu lilikuwa limekaa la pili, linasubiri. Ukalichagua. Ukagonga maiki kwa ukucha na mistari ikaruka, nikajikuta nimepiga kelele kana kwamba timu yangu imefunga. Ukachagua jina hilo hilo na kwenye programu ya kurekodia, maana ukasema yenyewe ina uchaguzi wake, usidhani imefuata. Ukashusha kitufe, na safari hii nilisikia mabadiliko yasiyo na haja ya kubishaniwa. Ukasoma kile kikaratasi cha kwenye boksi, ambacho mimi nilikifungia misumari, ukagundua ile maiki haiongelewi kichwani kama ya kwangu ya zamani. Inaongelewa ubavuni, upande wenye nembo. Ukaiweka umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi za p na b zisiipulizie. Chini ya kisimamo ukakunja blanketi, kwamba meza ikiguswa isisikike. Mama yako akatoa soksi yake ndefu nyembamba, akaivutia kwenye duara la waya, tukaiweka mbele kama kichujio. Mistari ikawa inacheza kwenye kijani, mara moja moja inagusa njano, nyekundu haiingii kabisa.

Ikabaki sauti yako yenyewe. Ulianza, na ikatoka ile ile ya sokoni. Ukaacha. Ukaanza tena, ukaacha. Ukasema, "Baba, sijui kusoma bila kuuza." Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu aliyekufundisha kuuza ni mimi, na sikuwa na cha kukupa badala yake. Ukafikiri. Kisha ukavuta kigoda ukakiweka mbele yako, kitupu, karibu kabisa na magoti. Ukakitazama kama kuna mtoto amekaa, ukaanza kumweleza yeye mbegu inavyoota. Mama yako aliweka kikombe chini. Nimeisikia sauti yako tangu kilio chako cha kwanza na sikujua kama unayo hiyo.

Basi mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa.

Hapo ndipo yalipoanza yale ambayo watu wa mtaa huu hawatatuelewa milele. Mchana kutwa mashine inanguruma. Ikinyamaza, fundi wa mageti anachomelea. Akipumzika, baa inafungulia muziki. Na hata pakitulia, chaja ya kompyuta nayo ina mvumo wake unaoingia kwenye rekodi, tulioujua tulipoichomoa ukapotea. Dawa ya yote ilikuwa moja: umeme ukatike. Kompyuta ina betri, maiki inakula humo humo, sisi tutarekodi na wengine wote watanyamaza. Na umeme wa Tunduma, ambao haujawahi kutunyima kukatika, Alhamisi ukakaa siku nzima. Nilisali, mwanangu. Mimi, baba mzima, nimemwomba Mungu akate umeme wa mtaa mzima.

Ijumaa baada ya saa za chakula ukakatika. Mtaani wakalalamika kwa pamoja, "Aaah!" na sisi watatu tukashangilia, mama yako akitufunika midomo. Betri yetu imezeeka na haisubiri mtu. Upande wa Mbozi wingu lilikuwa limeshapanda, na juu ya stoo ni bati. Mvua ikigusa tu, kwisha habari. Ukakaa. Ukagonga maiki kwanza, ukatazama mistari. Ukavuta pumzi, ukamtazama mtoto wako wa kwenye kigoda, ukaanza.

Sentensi ya tatu, nje ikalia sauti ninayoijua kuliko zote duniani.

"PANYA WAKO ANAKULA VIZURI KULIKO WEWE! MMALIZE LEO! MMALIZE LEO!"

Ni mimi. Mimi mwenyewe, kwenye spika ya mzee Sichone, muuza sumu ya panya, tangazo ambalo nilijivunia kuliko yote niliyowahi kutoa. Nilitoka mle stoo bila viatu.

"Mzee, zima! Zima hiyo kitu!"

"Fundi," akanijibu, ameshangaa kweli kweli, "si ulinikataza wewe nisiizime hata kidogo?"

"Leo nakuomba uizime. Mtoto anarekodi kazi yake humo ndani."

Hakuuliza swali la pili. Aliizima, akaweka sumu zake chini, akasimama na mimi katikati ya njia. Muuza ndala alipokuja na spika yake, mzee Sichone akamwinulia mkono. Muuza dawa za meno, vivyo hivyo. Mwishowe tulikuwa wanaume sita tumesimama kwenye vumbi na spika zimezimwa, wote wateja wangu, na wingu linazidi kushuka. Ukifika huko na siku moja ukajiona mpweke, wakumbuke hao wamesimama.

Ulitoka mlangoni tone la kwanza lilipogonga bati. Kompyuta ilikuwa mkononi mwako, inapiga mlio wa kuishiwa. "Imeisha," ukasema. "Nimeisoma yote, na imeondoka. Nimetuma." Mvua ikashuka, na hakuna aliyekimbia.

Jumatatu simu ikalia ukaiweka sauti ya nje ili na sisi tusikie. Yule mama wa studio akasema kazi ni yako, wanakuhitaji kabla mwezi haujaisha. Mama yako akakaa chini palepale sakafuni. Halafu yule mama wa studio akauliza, "Hebu niambie, fundi aliyekurekodi ni nani? Mmepata studio huko mpakani?"

Nawe, bila hata kufikiri, ukasema, "Ni baba yangu."

Nilifurahi, Tabitha. Sitakudanganya kwamba sikufurahi. Kisha nikakunyang'anya simu nikamwambia yule mama, kwa sauti ambayo naamini iliharibu kitu masikioni mwake, kwamba mimi nilikuwa nje barabarani nikizuia sumu ya panya, na fundi ni huyo huyo msomaji. Ulinikodolea macho kana kwamba nimekuvua nguo mbele za watu. Ulitaka kunifunika, nimekuelewa. Nimeipokea heshima hiyo na nitaitunza. Lakini huko unakokwenda kuna wakubwa wengi wenye vibao mlangoni, wazuri tu, wenye kuvimba kichwa kidogo kama baba yako, na watakuuliza kama sauti imetulia, na itakuwa rahisi sana kusema ndiyo.

Mimi nina mengi ya kujivunia siku hizi. Najivunia kazi uliyoipata, na kwamba yule mama niliyempigia kelele bado anakutaka. Najivunia soksi ya mama yako. Lakini nikiulizwa ni wakati gani nilijua kwamba naweza kukupandisha basi kesho na nikarudi nyumbani nikalala, sitaitaja simu ya Jumatatu. Nilijua siku ile ya Jumatano, ulipovua hedifoni, ukanitazama usoni, ukaniambia haijabadilika.

Nawasikia mnacheka huko mlangoni, mmerudi. Naificha barua hii kwenye begi lako kabla mama yako hajaiona akataka kusahihisha.

Wako,
Baba